Mlima wa Adhuhuri

Watu wa kijiji cha Geomdol, kisiwani Jeju, walimwita Bu Seong-heon mtu wa hewa, kwa kuwa hawakujua wamwiteje zaidi ya hapo. Wanaume wa kijiji walilima machenza na kuvua ngisi. Wanawake walizama baharini, wakachokoa konokono miambani na kukata mwani. Naye alishinda juu ya rasi, katika kijumba cheupe chenye mlingoti, akipima kitu kisichoonekana, kisicholiwa wala kuuzika. Hawakumchukia. Walimchukulia kama watu wanavyouchukulia mnara wa taa wakati wa mchana: kazi yake haionekani, lakini si vizuri kuubomoa.

Alikuwa mwana wa kisiwa hicho hicho cha Jeju, ila si wa pwani. Kwao ni juu, kwenye miteremko ya mlima, ambako bahari huonekana kama mstari tu. Baba yake, mkulima wa machenza, alimpeleka Busan kusoma kemia. Akakaa bara miaka mingi, akajifunza kusema kwa lafudhi ya watu wa huko, hata alipoitwa kuja kumwuguza mzee alikuwa amekwisha kuwa mtu wa makamo, ulimi wake si wa huku wala si wa kule. Mzee akafariki. Mama alikuwa ametangulia zamani. Kituo cha rasi kilikuwa kinatafuta mtu wa kukaa na mashine, na Seong-heon akabaki.

Alipanga nyumba ya nje katika boma la Hyeon Sun-deok. Nyumba za kisiwa kile hujengwa mbili mbili zikitazamana, ya ndani na ya nje, na kati yake pana ua mdogo ambao mtu huuvuka kabla hajamaliza mwayo mmoja. Sun-deok alikuwa mjane aliyepita miaka sabini na ambaye bado alizama pamoja na wanawake wenye umri wa binti zake. Seong-heon alimwita ami, kama mtu mzima yeyote anavyoitwa katika Jeju, awe mwanamume au mwanamke. Majira ya kuchipua majani, mwani wa supu ulipokuwa mbichi na mtamu, bibi huyo hakumwacha atoke mikono mitupu.

"Chukua hii," alikuwa akimwambia, akimsukumia chupa ya kuhifadhia moto iliyojaa supu ya mwani. "Hewa haishibishi."

"Ami, jana nimeimaliza kwa shida."

"Basi leo imalize kwa raha. Nenda, umeshachelewa kuchungulia upepo wako."

Kazi yake, kwa maneno machache, ilikuwa hii. Hewa ilivutwa kutoka kileleni mwa mlingoti kwa bomba jembamba, ikapenya ukutani, ikaingia katika mashine iitwayo spektromita. Humo kila molekuli hupewa chaji ya umeme na kusukumwa mbele, kisha hutambulikana kwa uzito wake, kama mtu aliyelala gizani anavyowatambua watu wa nyumbani kwake kwa kishindo cha nyayo. Gesi zilizotafutwa zilikuwa kidogo mno, chembe chache tu katika trilioni nzima za hewa. Aliyoijali kuliko zote ilikuwa gesi ya salfa inayotolewa na mwani na mimea midogo ya baharini, ambayo hupanda angani na kugeuka kuwa mbegu ya mawingu. Mashine ilimwandikia gesi hiyo kama mstari kwenye kioo, mchana na usiku, na Seong-heon aliupenda mstari ule kwa jinsi mtu apendavyo sauti ya mtu mwenye adabu: haukupanda bila sababu, wala haukushuka kwa ghadhabu.

Mlangoni mwa chumba cha mashine palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe: Hapaliwi humu. Wageni waliofika kituoni aliwasomea kibao hicho kwa sauti. Lakini chumba cha mbele kilikuwa cha baridi, upepo ukipita chini ya mlango, ilhali ndani palikuwa na joto jema la mitambo. Mtu afanyaye kazi peke yake huwa yeye ndiye mtunga sheria na yeye ndiye mwenye udhuru. Siku moja alilihamishia jiko dogo la umeme ndani, akawa anapasha supu yake moto humo huku akiutazama mstari. Nani angemwona? Swali hilo huulizwa na mja aliyekwisha kusahau jibu lake.

Mwezi wa Aprili mstari ukaota mlima.

Ulipanda karibu na adhuhuri, mkali na mwembamba, ukashuka baada ya muda mfupi. Kesho yake ukapanda tena. Profesa Pyo Jin-gyu, msimamizi wake aliyekaa bara, alifurahi mwanzoni, kisha akaanza kusitasita.

"Huo mlima hauwezi kutoka bahari kuu," alimwambia kwa simu. "Bahari haina saa ya chakula cha mchana. Ni kitu cha hapo karibu. Chini ya rasi pana nini?"

"Pana uwanja wa mawe, Profesa. Wanawake wazamiaji wanaanika mwani hapo. Huu ndio msimu wa ule mwekundu wa kutengenezea jeli."

"Basi umeshajijibu mwenyewe. Jua likiwaka, mwani unatoa gesi. Wahamishe."

"Niwahamishe?"

"Waombe wahame, basi, kwa adabu. Si una barua za kituo? Si una muhuri?"

Hoja ile ilikuwa na sura ya ukweli, na Seong-heon aliikubali upesi, kwa kuwa ilimtoa yeye nje ya jambo. Uwanja ule ulikuwa wa wanawake tangu enzi za mama zao: mawe meusi tambarare, yanayopigwa na jua na upepo, yanayokausha mwani kabla haujaanza kufikiria kuoza. Mwenye kuutumia kuliko wote alikuwa Sun-deok. Ilimpasa Seong-heon avuke ua tu, akae barazani pake, aseme: Ami, nina tatizo. Hakuvuka. Aliona haya. Ipo haya iliyo pambo la muungwana, na ipo nyingine iliyo woga uliovaa nguo za kuazima. Yake ilikuwa hii ya pili. Akakaa chumbani mwake, akamwandikia barua mwenyekiti wa kijiji, Jwa Man-bok, akapiga muhuri.

Mwenyekiti alikuwa mtu anayeheshimu mihuri. Wiki haikuisha, wanawake wakaambiwa wakaanike nyuma ya ghala la barafu, ng'ambo ya bandari. Jioni ile Seong-heon, akiwa amezima taa kama mtu asiyekuwapo, aliisikia sauti ya Chun-ja uani. Chun-ja alikuwa mzamiaji mwenye kifua kipana na ulimi mpana zaidi.

"Ati mwani wetu unanuka mpaka mashine inapiga chafya!"

"Punguza sauti," akasema Sun-deok. "Yumo ndani."

"Ndiyo maana nimeipandisha! We mtu wa hewa! Tukipumua je, nako tuombe kibali?"

"Chun-ja, we. Twende."

Tangu siku ile Seong-heon akawa anatoka alfajiri kabla mlango wa nyumba ya ndani haujafunguliwa, na kurudi baada ya taa yake kuzimwa. Supu hakuipata tena, kwa kuwa hakuwapo wa kuipokea. Mchana alikula mkate wa dukani akiwa amesimama nje, mgongo kwenye ukuta. Na mlima wa adhuhuri ukatoweka. Siku baada ya siku mstari ulilala kama maji ya mtungini. Profesa Pyo aliuchukua mchoro huo, akaupeleka mbele ya mkutano wa wataalamu: upande huu kabla ya kuhamishwa mwani, upande huu baada yake. Walimpigia makofi. Alimtumia Seong-heon salamu za pongezi, naye akazisoma mara nyingi kuliko zilivyostahili.

Nyuma ya ghala la barafu ardhi ilikuwa ya udongo, na maji hayakupata njia ya kutokea. Mvua ilipokuja ilikaa. Mwani wa wanawake watatu ulilala majini, ukabadilika rangi, ukaanza kutoa utelezi. Wa Sun-deok ndio uliokuwa mwingi, na uliharibika wote. Seong-heon alimkuta ameinama kwenye bomba la bandarini, akiusuuza fungu baada ya fungu, akinusa kila fungu na kulitupa. Alitamani apite upande mwingine, lakini bandari ina njia moja.

"Pole, ami," akasema.

"Nimeshapoa." Hakuinua kichwa. "Mvua hukuileta wewe."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Alisimama pale kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda wapi, kisha akaenda.

Ndipo likaja jambo lililokuwa kubwa kuliko mwani wa msimu mmoja. Uwanja wa mawe ulikuwa mtupu sasa, na kitu kitupu humwasha mtu kama Jwa Man-bok. Alipatikana tajiri kutoka Seoul aliyetaka kufungua mkahawa wa kahawa unaotazama bahari, na mkahawa ulihitaji mahali pa magari. Wangemwaga saruji juu ya mawe na kuchora mistari. Mkataba ni wa miaka mingi. Mkutano wa kijiji uliitishwa Jumamosi ili watu waamue.

Siku ya Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Seong-heon alifungua mlango ili atoroke kama kawaida yake, akamkuta Sun-deok amesimama mbele yake chini ya mwavuli, chupa mkononi.

"Leo umezaliwa," akasema. "Au umesahau?"

Alikuwa amesahau. "Ami, kwa nini umejisumbua na mvua hii?"

"Mama yako hayupo wa kukupikia. Nani apitishe siku yake ya kuzaliwa bila supu ya mwani? Hata mbwa wa bandarini ana mtu wa kumkumbuka."

"Ami, kuhusu ule uwanja—"

"Inywe ikiwa ya moto, Seong-heon." Na akageuka, akavuka ua kwa hatua zake fupi, asiteleze.

Alipofika kituoni supu ilikuwa bado vuguvugu. Nje mvua ilipiga kiasi kwamba hapakuwa mtu wa kutoka, seuze kusimama ukutani na kula mkate. Akaitoa sufuria, akaimimina supu humo, akawasha jiko lile lile mahali pale pale. Harufu ikapanda: mwani, mafuta ya ufuta, kitunguu saumu, na nyuma yake chumvi ya mawimbi. Akafumba macho kwa utamu wake. Alipoyafumbua, mstari ulikuwa unapanda.

Aliutazama ukipanda kama mtu anavyomtazama mgeni aingiaye bila hodi. Upepo ulikuwa unatoka bahari kuu. Pwani nzima, kutoka rasi hii hadi ile, hapakuwa na unyuzi mmoja wa mwani ulioanikwa, kwa maana nani ataanika mvuani? Akaifunika sufuria. Mstari ukasita, ukaanza kushuka. Akaifunua. Ukapanda. Akaifunika tena, akaifunua tena, mtu mzima wa kemia akicheza na mfuniko kama mtoto, na kila alipofunua mlima ulimjibu.

Akachukua kitambaa, akakilowesha kidogo kwa spiriti, akakipitisha taratibu kandokando ya bomba linaloingia mashineni. Juu hakuna kitu. Ukutani hakuna kitu. Nyuma ya mashine, kwenye kiungo cha kichujio, mashine ikaisikia spiriti ile ikapaza sauti. Kiungo kilikuwa wazi. Mashine, badala ya kuvuta upepo wa mlingotini peke yake, ilikuwa inavuta pia hewa ya chumbani.

Na hapo akakumbuka. Mwezi wa Machi alibadilisha kichujio. Alikikaza kiungo kwa vidole, kwa sababu spana ilikuwa garini na nje upepo ulikuwa mkali, akajiambia kwamba atarudi kukikaza vizuri. Hakurudi.

Akaketi, akazifungua takwimu za Aprili. Hadi siku ile alikuwa ameangalia gesi moja tu, ile aliyoipenda. Sasa akaangalia uzito mwingine, uzito wa zile gesi kali zinazobaki vidoleni mwa mpishi. Chini ya kila mlima wa adhuhuri palikuwa na mlima mwingine mdogo, umekaa pale tangu mwanzo ukimngojea: kitunguu saumu. Bahari haipiki kwa kitunguu saumu. Alikuwa amepima chakula chake cha mchana, akakiita hewa ya bahari, na kwa sababu yake akawafukuza wanawake kwenye mawe ya mama zao.

Lililomchoma zaidi lilikuja mwisho. Mlima ulikuwa umetoweka kwa sababu gani? Si kwa kuwa mwani ulihamishwa. Ulitoweka kwa kuwa yeye aliona haya kuonana na bibi yule, akaacha kuipokea supu yake. Ushahidi uliopigiwa makofi huko bara ulitengenezwa na kujificha kwake.

Supu ilikuwa inapoa. Kuimwaga ilikuwa dhambi, na kuinywa ilikuwa adhabu. Akainywa mpaka chini.

Alasiri alimpigia simu Profesa Pyo, akamweleza yote bila kupamba.

"Unasema supu?" akauliza Profesa.

"Supu ya mwani."

"Sikiliza, Seong-heon. Kosa ni kosa, hakuna asiyekosa. Tutaandika kwamba bomba lilikuwa na hitilafu, takwimu za siku hizo tutazifuta. Hilo la supu halimhusu mtu."

"Na uwanja, Profesa?"

"Uwanja gani?"

Seong-heon alimshukuru, kama ada ilivyo, akakata simu.

Jumamosi ukumbi wa kijiji ulijaa. Watu walikaa sakafuni, wanaume upande wa ukutani, wanawake karibu na dirisha, wamebanana goti kwa goti. Seong-heon alikaa mlangoni penye viatu. Jwa Man-bok alisoma maneno ya mkataba kwa sauti yake ya sherehe, akamaliza kwa kusema, "Ndugu zangu, uwanja haufanyi kazi. Tuufanyishe kazi."

"Ulikuwa unafanya kazi mpaka ulipotufukuza!" akasema Chun-ja.

"Mimi sikumfukuza mtu. Ilikuja barua. Na mwenye barua yupo hapa, tumwulize."

Vichwa vikageuka. Seong-heon akasimama. Alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima. Lakini mdomo wake ulichagua mengine, yale ya Profesa.

"Kulikuwa na... hitilafu katika bomba," akasema. "Imerekebishwa. Kituo hakina pingamizi tena. Wanawake wanaweza kurudi."

Mwenyekiti akatabasamu kwa upole. "Tunakushukuru, Daktari. Lakini mashine ni mashine. Leo imepona, mwakani itaugua, na utatuandikia tena. Magari hayana hitilafu hizo, yanakaa tu."

Watu wakacheka, wakaafiki. Neno lilikuwa na akili. Seong-heon akaketi, na moyoni mwake akahisi nafuu: amesema, hakuulizwa zaidi, limepita. Nafuu ile ndiyo iliyomtisha. Katika maisha yake hakuwahi kuona ndani ya nafsi yake kitu kibaya kama nafuu ile. Akainua macho. Sun-deok alikuwa anakunja kitambaa chake cha kichwani taratibu, kona kwa kona, kama mtu anayejiandaa kuondoka mahali ambapo hakuna lililobaki. Hakuwa anamtazama Seong-heon, wala hakuwa anamkwepa.

Mwenyekiti alikuwa amekwisha kusema wanaokubali wainue mikono, pale Seong-heon aliposimama mara ya pili.

"Si bomba," akasema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Namaanisha, bomba lilikuwa wazi, nami ndiye niliyeliacha wazi. Lakini gesi haikutoka uwanjani. Ilitoka sufuriani mwangu. Nilikuwa napasha moto supu ya mwani ndani ya chumba cha mashine, mahali ambapo nimeandika mwenyewe kwamba hapaliwi. Mashine ikanusa supu. Mimi nikasema ni mwani wenu."

"Supu gani?" akauliza mzee mmoja aliyekaa nyuma.

"Ya... aliyonipikia ami Sun-deok."

Kicheko kilianza kama povu la chungu, pembeni kwanza, kisha kikafurika. Chun-ja alijipiga mapaja. "Jamani! Amelishwa, akashiba, akamshitaki mpishi! Daktari, mashine haikukwambia imetiwa kitunguu saumu?"

"Iliniambia," akasema Seong-heon. "Sikuangalia."

Jibu lile lilizidisha kicheko, hata mwenyekiti akaficha uso nyuma ya mkataba wake. Masikio ya Seong-heon yalikuwa ya moto mbele ya kadamnasi. Lakini hakuketi, kwa kuwa alijua kwamba akiketi hatasimama tena. Sun-deok peke yake hakucheka. Alingoja mpaka kelele ikafifia.

"Supu zile za Aprili?" akauliza.

"Zote, ami."

"Na ya jana?"

"Ya jana ndiyo iliyonionyesha."

"Ile barua uliiandikia wapi?"

"Chumbani kwangu."

"Chumbani kwako," akasema bibi, "uani kwangu."

"Ndiyo, ami."

Na wale waliokuwa bado wanacheka wakanyamaza, kwa kuwa sasa kila mtu aliyekuwamo aliuona ua ule mdogo na milango yake miwili.

Walipopiga kura, safari hii ya kuubakiza uwanja, hapakuwa na mabishano marefu. Wanawake wote waliinua mikono, wengine miwili miwili, na ikabidi waambiwe washushe mmoja. Wanaume wakafuata. Mwisho Jwa Man-bok mwenyewe, ambaye mke wake alikuwa mzamiaji na alikuwa anamkodolea macho kutoka dirishani, akauinua wa kwake. Uwanja wa mawe ukabaki kwa wenyewe. Tajiri wa Seoul alitafutiwa mahali pengine, mbali kidogo na mandhari.

Juma lililofuata Seong-heon aliwaandikia wote waliouona mchoro ule, na katika maelezo yake hakuandika hitilafu ya bomba tu; aliandika kiungo kilichoachwa bila kukazwa na mchukua sampuli aliyekula chakula cha mwani chumbani. Profesa Pyo hakumgombeza. Alianza tu kumpigia simu kwa mambo ya lazima, na kwa sauti ya mtu anayezungumza na ofisi. Kijijini, mwenye duka alimwuliza kila siku kama angependa kitunguu saumu kidogo kwa ajili ya mashine, na wanawake, wakimwona anapita juu ya njia ya rasi, walimwita kutoka uwanjani: "Mtu wa hewa! Leo bahari imepika nini?" Yeye aliinama kuwajibu, na kupita. Aliona kwamba mzaha wao ni haki yao, na kwamba una rehema ndani yake, maana mtu asiyesamehewa hataniwi.

Sun-deok hakumtania.

Kiungo kilipokazwa, na jiko kurudishwa chumba cha mbele, mashine ilianza kusema kweli, na ukweli wenyewe ulikuwa na makali yake. Upepo ulipotoka upande wa uwanja, mwani uliokuwa ukikauka ulitoa gesi kidogo, kijongo tu katika mstari, si mlima. Halikuwa jambo la kumhamisha mtu. Ilitosha kujua ni siku gani wanaanika, ili siku hizo zitiwe alama. Angeweza kuchungulia kutoka dirisha la kituo, ambalo liliuona uwanja wote kama kiganja cha mkono. Badala yake kila asubuhi, jua likiwa limekwisha kutoka na mlango wa nyumba ya ndani u wazi, alivuka ua na kusimama chini ya baraza, mikono ameifumbata mbele.

"Ami, mmeamkaje? Leo mtaanika?"

Sun-deok alikuwa amekaa barazani akinoa mundu wake wa kukatia mwani, jiwe likienda na kurudi. Aliinua uso mara moja kuangalia wingu, akamjibu kwa heshima kamili, heshima wanayopewa wageni wa serikali:

"Tutaanika, Daktari."

Seong-heon akashukuru. Akabaki amesimama kwa muda zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika, huenda likaja neno jingine. Jiwe likaendelea kwenda na kurudi juu ya chuma. Akainamisha kichwa, akashika njia ya rasi.